Barua ya wazi kwa wanaoidhinisha majaribio ya mbolea: mavuno hayasemi naitrojeni imekwenda wapi

Waheshimiwa wakurugenzi wa taasisi za utafiti wa kilimo, wajumbe wa kamati zinazogawa fedha za utafiti, na ninyi mnaotia saini miongozo ya matumizi ya mbolea,

Kila msimu mezani kwenu hufika ripoti za majaribio ya mbolea, na jedwali la katikati ni lile lile. Ploti iliyotiwa mbolea imetoa tani kadhaa, ploti isiyotiwa imetoa pungufu, na tofauti imeandikwa kwa herufi nzito. Kwa tofauti hiyo mnapitisha kiwango cha kutia kwa hekta, mnaruhusu bidhaa mpya iingie sokoni, mnaongeza bajeti au mnaikata. Ombi langu nalitaja mapema ili msihangaike kulitafuta: msipitishe tena jaribio la mbolea ya naitrojeni lisilo na sehemu iliyotiwa naitrojeni-15 (naitrojeni nzito kidogo kuliko ya kawaida, inayoweza kufuatiliwa kila inapokwenda), na msitoe fedha za sehemu hiyo bila kutoa pia fedha za watu wa kuipima na muda wa kuifuatilia. Yaliyobaki katika barua hii ni sababu zake.

Tofauti ya mavuno hujibu kama mkulima akitia mbolea atavuna zaidi. Ni swali halali. Lakini mnaloulizwa na wenye kutoa fedha, na watu wa vyanzo vya maji, na hata mkulima mwenyewe akikaa chini akafikiri, ni lingine: katika kilo mia zilizotiwa, ngapi zimeingia kwenye mmea, ngapi zimebaki udongoni, na ngapi zimekwenda zake? Hapo jedwali hunyamaza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na naitrojeni ni bingwa wa kupotea. Urea iliyomwagwa juu ya udongo bila kufukiwa hupanda hewani kama amonia. Naitrati, umbo la naitrojeni linaloyeyuka majini, haishikwi na udongo ulio wengi, kwa hiyo hushuka na maji ya mvua hadi chini ya mizizi. Udongo ukijaa maji ukakosa hewa, bakteria huigeuza naitrati hiyo kuwa gesi, na sehemu yake ni naitrasi oksidi, ambayo kilo kwa kilo hupasha dunia joto mara 270 hivi kuliko kabonidioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Na hata ile isiyopotea, nyingi humezwa na vijidudu vya udongo kabla mzizi haujaifikia.

Hayo yote hutokea chini ya mmea ambao kwa macho unaonekana umestawi vizuri kabisa.

Mfugaji hupiga chapa ng'ombe wake kabla ya kuwaachia kwenye malisho ya wote. Sisi tunaipiga chapa atomu. Naitrojeni ya kawaida ina protoni 7 na nyutroni 7, uzito wake 14. Katika kila atomu 1,000 za naitrojeni ya hewani, karibu 4 zina nyutroni moja zaidi, uzito 15. Kwa hesabu kamili ni asilimia 0.3663. Hii nzito ni isotopu thabiti: haivunjiki, haitoi mionzi, na katika kemia hutenda kama ndugu yake mwepesi. Mzizi unaifyonza, jani linaitumia kujenga protini, bakteria wanaila, bila kubagua kwa kiasi cha kuharibu hesabu yetu. Kwa hiyo ukitengeneza mbolea ambayo naitrojeni-15 ndani yake imepandishwa hadi asilimia 5, kila inapokwenda itaonekana, hata baada ya kupita kwenye matumbo ya vijidudu na kurudi tena.

Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1923 George de Hevesy aliweka mizizi ya maharage katika maji yenye madini ya risasi ya mionzi, akapima kiasi kilichopanda shinani na majanini. Risasi haimfai mmea kwa lolote, lakini njia ilikuwa imefunguka, na kazi ya kutumia isotopu kama vifuatilio ilimpa Tuzo ya Nobel ya kemia ya 1943. Naitrojeni-15 yenyewe iligunduliwa mwaka 1929 na Naudé, mwanafizikia wa Afrika Kusini. Katika miaka ya 1930 Harold Urey na wenzake wakapata njia za kuikusanya, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 tayari ilikuwa ndani ya udongo, ikitumika kuuliza masalia ya mimea yakioza naitrojeni yake huishia wapi. Tangu 1964 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, wana chombo cha pamoja chenye kazi hii miongoni mwa kazi zake, na maabara zake ziko Seibersdorf, Austria. Nayataja haya kwa sababu bado nasikia katika vikao vya kamati kwamba hii ni "teknolojia ya kesho". Ni ya jana, na ya juzi.

Wakati mwingine pingamizi ni hofu tu. Neno isotopu likitajwa, mjumbe mmoja huuliza habari za mionzi, na maombi yanasogezwa kikao kijacho. Basi tuhesabu. Mtu mzima wa kilo 70 ana naitrojeni ya karibu kilo 1.8 mwilini, na ndani yake gramu 7 hivi ni naitrojeni-15 ya asili. Ploti ndogo ya mita moja ya mraba, ikitiwa kilo 100 za naitrojeni kwa hekta, hupata gramu 10 tu za naitrojeni. Ikiwa imeongezwa alama hadi asilimia 5, naitrojeni-15 yote humo ni nusu gramu na ushei. Mjumbe mwenye wasiwasi amekaa kitini akiwa na zaidi ya mara kumi ya hiyo. Na tusidhani tungeweza kuchagua ya mionzi kama tungependa: naitrojeni-13, inayodumu kuliko isotopu nyingine zote za mionzi za naitrojeni, hupungua nusu kila dakika 10. Hata mzizi haujamaliza kunywa, alama imekwisha. Kwa msimu mzima wa shambani, naitrojeni-15 ndiyo pekee.

Sasa hesabu yenyewe, maana wengi wenu mnaletewa matokeo bila kuonyeshwa yanakotoka. Chukua mbolea yenye ziada ya asilimia 5 juu ya kiwango cha asili. Ukivuna, ukakausha, ukasaga na kupima, mmea unaonyesha ziada ya asilimia 1.5. Gawanya: asilimia 30 ya naitrojeni yote iliyomo mmeani imetoka kwenye mbolea, na 70 imetoka udongoni. Kama mimea ya hekta ina jumla ya kilo 120 za naitrojeni, basi 36 ni za mbolea. Ulitia kilo 100, kwa hiyo mmea umetumia asilimia 36 ya ulichotia. Hakuna la ajabu zaidi ya kugawanya na kuzidisha.

Tuseme sasa katika jaribio hilo hilo ploti isiyotiwa mbolea ilikuwa na kilo 70 za naitrojeni mmeani. Kwa njia ya tofauti, 120 kutoa 70 ni 50, na ripoti itaandika kwamba mbolea imetumika kwa asilimia 50. Kilo 14 zimezuka. Zimetoka wapi? Mmea uliolishwa una mizizi mingi na mirefu zaidi, kwa hiyo umechimba naitrojeni ya udongo ambayo ule mwenzake mnyonge hakuifikia. Njia ya tofauti inaihesabu naitrojeni hiyo ya udongo kama mbolea. Ukiendelea hivyo miaka mingi unaisifu mbolea huku udongo ndio unaolipa.

Lakini sitawauzia kipimo cha naitrojeni-15 kama msahafu. Nacho kina ujanja wake, na mtafiti asiyeueleza kwenye ripoti mrudishieni akaandike upya. Vijidudu vya udongo humeza naitrojeni yenye alama na kuachia ya udongo isiyo na alama. Mmea unaifyonza hii iliyoachiwa. Kwa mmea faida ni ile ile, lakini kwa mashine inaonekana kama mbolea haikufanya kazi. Kwa hiyo zile kilo 14 za mfano wetu huenda sehemu yake ni kazi ya mizizi na sehemu ni ubadilishanaji huu wa vijidudu. Njia ya tofauti mara nyingi hukuza, ya alama mara nyingi hupunguza. Ndiyo sababu naomba zote mbili ziwemo kwenye ripoti moja, kwenye ploti zile zile. Ripoti yenye nambari moja tu, ya upande wowote, ni nusu ripoti.

Majaribio mengi ya mahindi, mpunga na ngano yaliyopimwa kwa alama, yakikusanywa pamoja, yanatoa wastani wa asilimia 40 hadi 45 ya mbolea kuingia mmeani katika msimu wa kwanza. Watu wakisikia hivyo hudhani zilizobaki zote zimepotea. Sivyo. Sehemu kubwa imo udongoni, imefungwa ndani ya mboji, na misimu inayofuata huipata kidogo kidogo. Mara nyingi jumla yake kwa misimu kadhaa haifiki asilimia 10 ya kilichotiwa. Inayopotea kweli mnaijua kwa kuchimba: mnachukua udongo tabaka kwa tabaka hadi chini ya mizizi, mnapima alama iliyobaki, mnajumlisha na ya mmea, na kinachokosekana ndicho kilichotoka shambani. Hesabu hii ya mizania hakuna njia ya mavuno inayoweza kuitoa, hata mkirudia jaribio mara mia.

Kuna jaribio moja ningependa kila mjumbe alijue. Mwaka 1982, huko Ufaransa, naitrati yenye alama ilitiwa kwenye laisimita, yaani udongo uliozungushiwa kuta na kuwekewa njia ya kukusanya maji yanayopenya hadi chini. Watafiti waliendelea kupima kwa takriban miaka 30. Mwishoni mimea ilikuwa imechukua asilimia 61 hadi 65 ya naitrojeni ile. Asilimia 12 hadi 15 ilikuwa bado imo kwenye mboji ya udongo. Na asilimia 8 hadi 12 ilikuwa imeshavuja kuelekea maji ya chini ya ardhi, huku makadirio yao yakionyesha uvujaji utaendelea kwa miongo mitano zaidi angalau. Mbolea ya siku moja! Sasa linganisheni na miradi yenu ya miaka miwili au mitatu, ambayo mwaka wa mwisho huliwa na uandishi wa ripoti. Sheria ya kulinda maji mnayoipitisha leo itahukumiwa kwa naitrati iliyotiwa kabla baadhi ya watafiti wenu hawajazaliwa, na bila alama hakuna atakayejua ipi ni ya nani.

Kwa mikunde swali linageuka. Hapo hatutafuti mbolea imekwenda wapi. Tunataka kujua mmea umejitafutia kiasi gani hewani kwa msaada wa bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi. Tunatia alama kidogo udongoni, tunapanda mkunde na pembeni yake mmea usio na vinundu. Ule wa pembeni unakunywa udongo mtupu, kwa hiyo alama yake iko juu. Mkunde unachanganya na naitrojeni ya hewa isiyo na alama, kwa hiyo yake imepungua, na kiasi cha kupungua ndicho mchango wa hewa. Kila kitu kinategemea mmea wa pembeni: kama mizizi yake inafika kina tofauti, au unafyonza kwa wakati tofauti na mkunde, jibu linayumba. Mnapopitia maombi ya miradi ya mikunde, mahali pa kwanza pa kusoma ni hapo, mmea wa kulinganisha umechaguliwaje na kwa nini. Kurasa za utangulizi kuhusu umuhimu wa kilimo endelevu mnaweza kuziruka bila hasara.

Sasa bidhaa. Meza zenu zimejaa maombi ya usajili: mbolea za kupulizia majani, vizuizi vya kupunguza upotevu wa urea, vimiminika vya bakteria wanaosemwa kuleta naitrojeni kutoka hewani, na vichangamshi vya mizizi. Baadhi vinafanya kazi, na vizuizi vya urea vina ushahidi mzuri. Lakini dai la kila kimojawapo ni dai kuhusu njia: kwamba kirutubisho kimeingia kupitia jani, kwamba amonia haikupotea, kwamba hewa imechangia. Dai kuhusu njia linajibiwa kwa kuifuatilia njia. Anayesema urea yake inaingia kupitia jani aitie alama, apulizie jani huku ameufunika udongo usidondokewe, kisha aoneshe alama ndani ya punje. Anayesema bakteria wake wanalisha nafaka kwa naitrojeni ya hewa aoneshe alama ya udongo imepungua ndani ya nafaka hiyo. Mavuno yakiongezeka kwa asilimia 5 katika msimu mmoja, sababu zaweza kuwa kumi, pamoja na bahati. Wenye bidhaa nzuri hawana cha kuogopa hapa. Kinyume chake, sasa hivi wanashindana sokoni na maneno matupu.

Naitrojeni ndiyo niliyoitolea ombi rasmi kwa sababu ndiyo inayogharimu na kupotea zaidi, ila njia hii haiishii hapo. Zinki ina isotopu thabiti tano, chuma kina nne, magnesiamu ina tatu. Kwa zinki kazi imefika mbali: mimea hukuzwa kwenye maji ya virutubisho yenye zinki-70, ambayo kiasilia ni chini ya asilimia moja ya zinki yote, punje zinatoka na alama ndani yake, watu wanazila, na kipimo cha damu au mkojo kinaonyesha kiasi gani kimevuka utumbo. Kwa kuwa hakuna mionzi, hata wajawazito na watoto wanaweza kushiriki, kwa kibali cha kamati ya maadili kama utafiti wowote wa afya. Fosforasi, kwa bahati mbaya, imetunyima. Ina isotopu thabiti moja tu, hakuna ya kutia alama, na hivyo lazima fosforasi-32 au fosforasi-33 zenye mionzi, ambazo nusu yake huisha kwa siku 14 na 25. Hizo zina vibali vyake na vyumba vyake. Wapo wanaotia alama oksijeni iliyoshikana na fosfati, lakini vimeng'enya vya vijidudu huibadilisha oksijeni hiyo na ya maji, kwa hiyo tafsiri yake inahitaji mtu mwenye uzoefu. Manganizi nayo ni hivyo hivyo, isotopu moja tu. Akija mtu na pendekezo la kufuatilia ufyonzaji wa manganizi kwa isotopu thabiti, mnajua la kumjibu.

Nije kwenye maabara, mahali ambapo fedha zenu huokoka au huungua.

Mashine inayopima naitrojeni-15 ni spektromita ya tungamo. Sampuli inaunguzwa kwenye tanuri la nyuzi joto karibu 1,000, oksidi za naitrojeni zinapitishwa kwenye shaba na kubaki gesi ya naitrojeni, gesi hiyo inasukumwa na heliamu hadi kwenye sumaku, na molekuli zinatenganishwa kwa uzito: 28, 29, 30. Mashine inafanya kazi nzuri. Lakini inachopewa ni miligramu 3 hadi 5 za unga ndani ya kikombe kidogo sana cha bati. Unga huo kidogo ndio unaoiwakilisha ploti nzima. Kama mabua, majani na punje havikupimwa uzito kila kimoja, kama unga haukusagwa ukawa laini kama poda, kama mtu alichota juu ya mfuko bila kuchanganya, hakuna sumaku itakayorekebisha.

Kisha kuna kinu. Sampuli isiyo na alama ikisagwa baada ya yenye alama, na chembe zikabaki kwenye meno ya kinu, balaa limeingia. Chukua mmea wetu wa mfano wenye ziada ya asilimia 1.5. Ukiacha sehemu moja tu katika mia ya unga wake ndani ya sampuli safi, kiwango cha sampuli hiyo kinapanda kwa asilimia 0.015 ya atomu. Inaonekana ndogo. Lakini kwa kipimo tunachotumia kwenye kazi za viwango vya asili, yaani zile ambazo hatutii alama yoyote udongoni, hizo ni sehemu 41 katika elfu, wakati tofauti tunayoitafuta kati ya mkunde na mmea wa pembeni mara nyingi ni sehemu chache tu. Matokeo yote ya siku hiyo ni ya kutupwa, na mashine haitakwambia. Itachapisha nambari yenye desimali nne, nzuri kabisa. Anayezuia hilo ni fundi anayejua kupanga sampuli kuanzia zenye alama ndogo kwenda zenye alama kubwa, anayepuliza kinu kwa hewa baada ya kila sampuli, anayekataa vyombo vya ploti zenye alama kuingia chumba cha sampuli za asili. Fundi huyo kwa kawaida yuko kwenye mkataba wa muda, na mradi ukiisha anakwenda kutafuta kazi kwingine. Ujuzi wake anaondoka nao.

Nimewahi kuona spektromita iliyokaa kwenye kreti kwa sababu bajeti ilinunua mashine ikasahau heliamu, pampu za akiba, umeme usiokatika na mtu. Sitataja ni wapi, na nadhani si mahali pamoja tu. Ombi langu si kila taasisi iwe na mashine yake. Hiyo ni fahari isiyo na tija. Maabara chache za pamoja, zenye mafundi wa kudumu, zinazopimana kwa sampuli zile zile za siri kila mwaka na kuchapisha zilivyofanya, zitahudumia majaribio mengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Sampuli iliyokauka na kusagwa hustahimili safari. Fedha zinazobaki zipelekwe kwenye uchimbaji wa udongo, ambao hakuna anayependa kuulipia kwa sababu haupigwi picha ukapendeza.

Mtaniambia mbolea yenye alama ni ghali. Ni ghali, kilo kwa kilo haifanani kabisa na ya kawaida. Ndiyo maana hatuitii shamba zima. Ploti ya mita 5 kwa 10 ingehitaji gramu 500 za naitrojeni yenye alama. Sisi tunapigilia fremu ya chuma ndani yake, mita moja ya mraba, tunatia gramu 10 zilizoyeyushwa kwenye maji kwa mkono, kwa utulivu, na sehemu iliyobaki inapata mbolea ya kawaida kwa kiwango kile kile. Mavuno yanapimwa kwenye ploti kubwa, alama inapimwa kwenye fremu. Kwa mimea yenye mizizi inayotambaa fremu iwe pana zaidi, na sampuli zichukuliwe katikati tu, mbali na kingo ambako mizizi ya ndani hunywa nje na ya nje hunywa ndani. Mchumi wa kamati akitaka kupunguza gharama kwa kuifanya fremu ndogo zaidi ya hapo, tafadhali mkatazeni; anachookoa kwenye mbolea anakipoteza kwenye kingo.

La mwisho ni muda, na hapa siombi fedha nyingi. Mradi ukifungwa, fremu zinang'olewa, trekta linapita, na naitrojeni yenye alama ambayo bado imo kwenye mboji inatawanywa pasipo kujulikana. Kila fremu iliyong'olewa ni jaribio la miaka thelathini lililokatizwa mwaka wa tatu. Wekeni sharti kwenye mikataba: fremu ibaki ardhini, mahali pake paandikwe kwa vipimo vya setilaiti, kiwango cha alama na tarehe ya kutia viwekwe kwenye daftari la wazi la taasisi, na unga uliobaki wa sampuli uhifadhiwe mkavu kwenye chupa zenye lebo. Mtafiti atakayekuja baadaye, hata kama hajui jina la aliyeanza, ataweza kuchimba na kupima upya.

Mnaweza kuanza kabla ya bajeti ijayo. Ziandikieni taasisi zilizo chini yenu zilete orodha ya ploti zote zilizowahi kutiwa naitrojeni-15: ziko wapi, zilitiwa mwaka gani, kwa kiwango gani, na sasa pamepandwa nini juu yake. Nyingine zitakuwa zimepotea, lakini zitakazopatikana zichimbwe msimu huu, tabaka kwa tabaka, kabla ya kulimwa.

Wenu katika kazi,

Mtafiti wa lishe ya mimea